Kusoma uzamili wa sanaa ukitokea Lamu: swali kwanza, chuo baadaye

Ukinijia kuniuliza uende chuo gani kusomea uzamili wa sanaa, sitakutajia chuo. Nitakuuliza unataka kujua nini. Wengi wanaopita barazani kwetu hapa Langoni kwa shauri hilo hunyamaza hapo, kisha husema, "Mwalimu, mimi nachora tu." Kuchora vizuri kunaweza kukuvusha shahada ya kwanza. Uzamili unataka mkono uliokwama mahali, ukataka kujua umekwama kwa nini, ukakubali kukaa na jambo hilo moja miaka miwili au mitatu na kulitolea hoja mbele ya watu wasioijua hata njia ya kwenu.

Mimi nafundisha sanaa sekondari. Kabla ya hapo watu walinijua kwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi mwilini. Tasnifu yangu ilihusu nakshi za chokaa, zile za kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya nyumba za mawe. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanatoka kwa mtu aliyeondoka kisiwani, akasoma, akarudi. Wewe uliye Nairobi tayari, mwenye shangazi wa kukulaza, punguza yasiyokuhusu.

Kulipata swali

"Sanaa ya Waswahili wa Pwani" haiwezi kuwa mada. Utasoma mpaka macho yaume na hutafika popote. Mada ya uzamili ni kitu unachoweza kukiwekea kidole. Mfano: mlango wa kuchongwa unaoagizwa na mwenye hoteli Shela na ule unaoagizwa na baba anayemjengea binti yake, fundi yule yule anachonga mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kwa namna moja? Kama sivyo, nani aliyeamua tofauti, fundi au mteja? Au: maua ya piko anayochorwa bibi harusi leo, yapi yametoka kwa mkono wa mama na yapi yametoka kwenye simu, na wachoraji wenyewe huyachanganya vipi? Haya ni maswali. Yana watu wa kuuliza, yana vitu vya kupima, na unaweza kuyafanyia kazi ya mikono.

Sasa, maswali mazuri yanapatikana wapi? Tafuta pale ambapo waandishi na watu wa nyumbani hawakubaliani. Mji wetu umeandikwa sana. Miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora nyumba za Mji wa Kale, na James de Vere Allen wa makumbusho aliandika juu ya nyumba, samani na siwa, zile baragumu za heshima. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Linda Donley akaja na hoja kwamba nakshi za chokaa na vyombo vya kauri katika chumba cha ndani vilikuwa kinga dhidi ya mabaya, kwa kuwa ndani ndimo watu walimozaliwa na kuoshwa maiti. Nilipomsomea bibi yangu hoja hiyo alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Kwake yeye zidaka ni za kuwekea sahani ili mgeni ajue ameingia nyumba ya nani. Nikawa na watu wawili wenye akili, kila mmoja na neno lake, na ukuta uko palepale. Swali langu likatoka hapo: mchongaji mwenyewe alikuwa akifuata nini alipopanga safu za zidaka? Sikuwa na haja ya kutafuta mada nyingine.

Fanya hivyo hivyo. Chukua kitu unachokijua tangu utotoni, soma waliyoyaandika wageni na wenyeji juu yake, kisha mwulize mzee mmoja nyumbani. Wakikubaliana wote, tafuta kitu kingine. Wakipingana, andika yale mapingano kwa sentensi tatu. Sentensi hizo ndizo utakazompelekea profesa, na amini usiamini, profesa atajibu barua pepe yenye sentensi tatu zenye swali ndani yake kuliko ile ya kurasa mbili inayoeleza jinsi unavyoipenda sanaa.

Na kabla hujalipa hata shilingi ya maombi, soma vilivyo bure. Hati za msikiti wa Riyadha zimepigwa picha chini ya mradi wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, zinaonekana kwenye intaneti. Chuo cha SOAS, London, wana hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu zilizowekwa mtandaoni pia, na nyingi kati yake zilinakiliwa hapa Lamu na Muhamadi Kijumwa. Ukiwa mtu wa khati, yaani maandishi ya mapambo, au wa nakshi, ukae na hati zile usiku kadhaa. Angalia mipaka ya kurasa, kisha toka nje uangalie milango.

Shahada yenyewe na mahali pake

Kwa Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kule barabara ya Thika kina idara ya sanaa ya siku nyingi: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, nguo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeelemea zaidi kwenye ubunifu, yaani michoro ya matangazo, bidhaa, nafasi za ndani. Maseno nao wanafundisha sanaa. Ukivuka mpaka kuna Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937 na shule bado ina jina lake. Waliosoma hapo ni wengi. Mchoraji Sam Ntiro wa Tanganyika alitoka Makerere akaenda shule ya sanaa ya Slade, London.

Vyuo vyetu kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini hupokewa akiwa na uzoefu wa kazi. Kama shahada yako ya kwanza ni ya ualimu na sanaa ilikuwa somo moja kati ya mawili, uliza idara kwa maandishi kama utaongezewa masomo ya kuziba pengo, na jibu lao ulihifadhi. Halafu jua hili: kwetu uzamili wa sanaa kwa kawaida ni mwaka wa masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu, pamoja na kazi za studio kulingana na idara. Marekani wana shahada inayoitwa MFA, ya miaka miwili au mitatu, ambayo uzito wake uko studio na ambayo kwao inahesabiwa kuwa shahada ya mwisho kwa msanii. Uingereza uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja, na mwaka huo hukimbia mno. Kabla hujajua duka la rangi liko wapi, unaandaa maonyesho. Ukisoma nje na unataka kufundisha chuo hapa, shahada yako itapelekwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ithibitishwe, kwa hiyo usitupe hata karatasi moja ya matokeo.

Nani aende nje na nani abaki? Ukiniuliza mimi, anayetaka kuchora au kuchonga zaidi ya kuandika, na mwenye kazi ambazo tayari zinasimama zenyewe, ajaribu nje. Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi, alifanya MFA yake Yale akamaliza mwaka 2000. Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, alimaliza Royal College of Art, London, mwaka 1982. Lakini huyu Odundo mwangalie vizuri: miaka ya 1970, kabla ya hiyo shahada, alikwenda Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, akajifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa wanawake wafinyanzi wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali. Alipofika London alikuwa na kitu mikononi ambacho walimu wake hawakuwa nacho. Wewe mwenye swali linaloishi Lamu, fundi wake yuko Lamu, ukuta wake uko Lamu, sioni faida ya kwenda kuliandikia kwenye theluji, labda upate mfadhili wa kukurudisha nyumbani kwa utafiti.

Potifolio

Picha kati ya kumi na ishirini ndizo huombwa na vyuo vingi. Toa kazi zinazozungumza na swali lako, na ile sura ya chui uliyosifiwa na mji mzima iache nyumbani. Chini ya kila picha andika jina la kazi, mwaka, vifaa, na vipimo kwa sentimita, urefu kwanza kisha upana.

Kupiga picha za kazi Lamu kuna ujanja wake. Mitaa ni myembamba na mwanga huanguka kutoka juu kama maji ya bomba, basi kazi bapa ipeleke darini asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, itundike ukutani, na simama nayo sawa ili pembe zisikunjike. Kazi ya kuchongwa ni kinyume chake: inataka mwanga wa ubavuni. Nakshi ikipigwa na mwanga wa mbele hufa, inaonekana kama karatasi. Subiri alasiri jua likiwa chini, au shika taa pembeni, upande wa pili weka shuka jeupe lirudishe mwanga kwenye kivuli. Kila picha ya utafiti weka rula ndani yake. Picha isiyo na kipimo haitakusaidia utakapokuwa Nairobi ukijiuliza ua lile lilikuwa la upana gani.

Pendekezo la utafiti

Hili hukaa kamati kwa kamati na ndilo linalowarudisha watu nyumbani. Muundo utapewa na chuo: tatizo, malengo, maswali, mapitio ya maandishi, mbinu. Mimi nitasema mambo mawili tu. La kwanza, mapitio ya maandishi yawe mabishano, usiwapange waandishi foleni, "fulani alisema, na fulani alisema." Wagombanishe, kisha simama pale walipopaacha. La pili, kama utatengeneza kazi za mikono kama sehemu ya utafiti, eleza kazi hiyo itajibu swali gani. Nilichonga vipande vya chokaa ili kujua mchongaji ana muda gani kabla chokaa haijakaza, maana muda huo ndio unaoamua ua likatwe kwa kina gani. Hilo ni jambo huwezi kulipata kwa mahojiano, na mtahini huliona mara moja.

Kuna kikwazo kimoja nikuandae nacho. Utakutana na mtu, mwalimu au mwanakamati, atakayekwambia nakshi za milango, hina na kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono, ni kazi za mikono tu, hazina nafasi kwenye sanaa ya chuo. Nimeambiwa hivyo, tena mbele ya watu. Usikasirike, na usijibu kwa kusema "huu ni utamaduni wetu," kwa sababu jibu hilo linamwachia yeye hoja. Mpe Kijumwa: mchonga milango, mwandika khati, mtunzi wa tenzi, mpiga ala, mtu mmoja aliyeishi mpaka mwaka 1945, na bado kuna mtindo wa milango unaoitwa kwa jina lake. Mwulize katika kazi zake ipi aitupe nje ya sanaa, na kwa kipimo gani. Mpe pia maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyofunguliwa mwaka 2017 katika Krannert Art Museum, Illinois, yaliyoandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura, ambapo vitu vilivyoazimwa kutoka makumbusho za Kenya viliwekwa kama sanaa bila kuombewa radhi. Kisha nyamaza. Yeye ndiye atakayetafuta maneno.

Vibali

Pendekezo likipita, omba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kupitia tovuti yao; utahitaji barua ya chuo. Kikitoka, kipeleke nakala kwa ofisi ya kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Ukitaka kugusa vitu vya makumbusho, iwe Lamu Museum au Ngome, omba ruhusa ya National Museums of Kenya mbali na hicho. Fanya haya mapema. Kibali chako weka kwenye plastiki na utembee nacho, hasa ukivuka kwenda Siyu au Pate.

Kwa mafundi na kwa kina mama

Hapa ndipo patamu na ndipo wasomi wengi huharibu.

Panga msimu. Masika njia huchafuka, na kusi likikaza bahari ya kwenda Pate haina mzaha. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anga ni kavu na safari ni nyepesi, ila hapo ndipo mafundi wana oda nyingi. Mfungo Sita usitegemee mahojiano: mji wote uko Riyadha kwa Maulidi, na wageni wamejaa. Ramadhani wazee hupatikana baada ya tarawehe, wakiwa wameshiba na wana nafasi, na mimi mazungumzo yangu bora niliyapata saa hizo.

Usiingie karakana na daftari. Nenda kwanza usalimie, kaa, angalia. Mimi ni mwanamke, na karakana za milango ni za wanaume, kwa hiyo nilikwenda na ami yangu; yeye akiuliza habari za mbao za mbambakofi na bei yake, mimi nikiangalia patasi inavyoshikwa. Kwenye hina na piko mambo ni kinyume. Mwanamume hataingia chumba cha bibi harusi kwa kibali cha NACOSTI wala cha nani. Ewe kijana wa kiume, usichague mada hiyo. Dada, wewe una mlango ambao msomi wa nje angetoa pesa nyingi aupate.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, na uisome kwa sauti. Mzee hatatia sahihi kitu cha kurasa nne, na haki yake. Mwulize mambo haya waziwazi: nikutaje jina au nisikutaje? Picha ya mkono wako nitoe? Mchoro huu ni wako peke yako au ni wa kila mtu? Kuna fundi aliniruhusu kuutazama mchoro wake mmoja na akanikataza kuunakili, nikaandika katika tasnifu kwamba upo na kwamba mwenyewe hakutaka utolewe. Mtahini hakulalamika.

Juu ya pesa: usimlipe mtu kwa majibu, atakupa majibu unayoyataka. Lakini ukimkalisha fundi asubuhi nzima umemkatia riziki, kwa hiyo mlipie muda huo kwa kiwango cha siku yake, na iandike katika hesabu zako za utafiti. Sukari na kahawa ni adabu tu, havihesabiwi.

Kuchukua nakala ya nakshi ya mlango, weka karatasi nyembamba juu yake, uibane kwa gundi ya karatasi isiyong'ang'ania, kisha pitisha penseli laini kwa ubavu mpaka mchoro utokee. Mwenye nyumba aombwe kwanza, hata kama mlango uko barabarani. Ukuta wa chokaa usiuguse kwa njia hiyo. Chokaa ya miaka mia mbili inamomonyoka kwa kidole tu. Ipige picha, ipime bila kuigusa, ichore kwa jicho. Karatasi zako zote zifungie kwenye ndoo yenye kifuniko, kwa kuwa hewa ya chumvi huzipiga ukungu kabla hujarudi chuoni.

Msimamizi, fedha, na ile siku

Kwa kawaida utapewa wasimamizi wawili. Mpe kila mmoja sura ya tasnifu ikiwa kwenye karatasi na tarehe, na baada ya kila kikao mtumie muhtasari wa mlichokubaliana. Wakipingana, na watapingana, waandikie wote kwa barua pepe moja. Chuo kikitaka uchapishe makala katika jarida kabla ya kuhitimu, anza kuitoa kwenye sura ya utafiti mara tu inapokubaliwa, kwa sababu majarida hujibu polepole.

Fedha sina mengi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mikopo ya uzamili pia. Ufadhili wa Chevening hulipia mwaka mmoja Uingereza, wanataka uwe na angalau miaka miwili ya kazi, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Kuna Fulbright kwa Marekani na DAAD kwa Ujerumani. Zote huuliza utakuja kufanya nini baadaye. Jibu kwa jambo moja unaloweza kulitekeleza kwa mshahara wako.

Siku ya kutetea tasnifu, kazi zako zikiwa ukutani, weka maelezo mafupi kando ya kila moja na uyakariri. Utaulizwa kwa nini kipande hiki kipo na kile hakipo. Kama unatumia chokaa, usisafirishe vipande vilivyokamilika kutoka Lamu: boti hadi Mokowe, basi usiku kucha, matuta, vitafika vimepasuka. Chukua vipimo, michoro na patasi zako, chokaa iloweke huko huko Nairobi wiki kadhaa kabla ya kuitumia, na jaribio la kwanza lifanye mapema, maana baridi ya Julai kule huchelewesha kukauka na mahesabu yako yote ya Lamu yatakuwa hayafai.